Ndoo, Mbabula na Hela: Uhakiki wa Somo la Rejesta ya Sokoni

Utangulizi

Karibu kila aliyesoma Kiswahili sekondari nchini Tanzania amewahi kukutana na mazungumzo ya sokoni. Wahusika ni wawili, muuzaji na mnunuzi. Muuzaji humkaribisha mnunuzi kwa maneno ya kuvutia, mnunuzi huuliza bei, hutajiwa, hushtuka, huomba apunguziwe, hupunguziwa, hulipa na kwenda zake. Chini ya mazungumzo huwa na swali: taja sifa tano za rejesta ya sokoni. Nasi hujibu kama tulivyokaririshwa kwamba ni lugha ya mkato, ina ucheshi, ina ushawishi, ina msamiati wa bidhaa, na haizingatii sana kanuni za sarufi. Tukimaliza hapo tunageukia rejesta ya hotelini, ambako mteja huitwa kwa jina la chakula alichoagiza. Darasa linacheka, kengele inalia.

Makala hii inahakiki somo hilo. Sihakiki kitabu kimoja wala mwandishi mmoja, kwa sababu mazungumzo haya yamerudiwa katika vitabu vingi, vya wenyeji na vya wageni wanaojifunza Kiswahili, hata yamekuwa kama utanzu unaojitegemea. Nahakiki umbo lake. Hoja yangu ni kwamba mazungumzo ya sokoni yanayofundishwa darasani yanachukulia kuwa muuzaji na mnunuzi wana lugha moja, fedha moja na makazi mamoja, kisha yanaishia pale ambapo ununuzi wa kweli huanza. Hoja hii sikuipata maktabani. Niliipata Gihosha, jijini Bujumbura, nilikoishi muhula mmoja nikiwa mwanafunzi mgeni kutoka Morogoro, nikiwa na orodha ya vitu tisa: godoro, ndoo, beseni, jiko la mkaa, sufuria, sabuni, chandarua, taa ya kuchaji na kamba ya kuanikia nguo. Fedha niliyokuwa nayo ilitosha vitu sita.

Mahali pa uhakiki huu

Gihosha iko upande wa kaskazini-mashariki wa jiji, katika komini ya Ntahangwa, mahali ardhi inapoanza kupanda kuacha tambarare ya Ziwa Tanganyika. Upande wa Kigobe kuna jengo la Bunge na ubalozi wa Marekani, na nyumba nyingi zina mageti marefu. Nyuma ya mageti hayo na kuteremka mabondeni kuna vyumba vya kupanga vya wanafunzi, walinzi, mafundi na watumishi wa chini. Kwa hiyo mgeni anayeshuka kwenye basi hapa akizungumza lugha ya mbali huhesabiwa kwanza kuwa ni wa upande wa mageti. Mimi nilikuwa wa upande wa mabonde, lakini hilo halikuandikwa usoni.

Tena Bujumbura haina tena soko kuu lile ambalo kila mtu angelitumia kupima bei. Soko hilo liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Wafanyabiashara wake wakatawanyika, na leo anayetafuta vyombo vya nyumbani kwa bei nafuu huelekezwa mara Siyoni, mara Kotebu, mara Kamenge, mara Ruvumera kule Buyenzi. Kila mtu ana soko lake analoliapia. Na kwenda huko si bure. Upungufu wa mafuta umekuwa ukijirudia kwa miaka kadhaa, foleni za kungojea basi ni ndefu, na tangu Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Ndoo ya bei nafuu iliyoko mbali inaweza kuwa ghali kuliko ndoo ya bei kubwa iliyoko karibu, na hesabu hiyo hutaiona katika mazungumzo yoyote ya kitabuni. Kitabuni soko ni moja, liko jirani, na mnunuzi hufika bila nauli.

Msamiati wa nani?

Sifa ya kwanza tunayofundishwa ni kwamba rejesta ya sokoni ina msamiati wa bidhaa. Ni kweli. Lakini somo halisemi ni msamiati wa nani. Siku yangu ya tatu nilikwenda soko la Kamenge kutafuta jiko. Nikamwendea mama mmoja aliyepanga majiko ya bati mbele yake, nikamwamkia, nikauliza, "Mama, jiko la mkaa bei gani?" Akanitazama, akamgeukia jirani yake wakasemezana kwa Kirundi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba neno la Kirundi lililo karibu na langu, iziko, ni mahali pa moto, mafiga ya kupikia, nalo halibebwi likatoka sokoni. Nikaonyesha kwa kidole.

"Aa, mbabula!" akasema.

Hapo nikafanya kosa. Kwa sauti ya mwalimu wa zamu nikamwambia, "Kwa Kiswahili tunasema jiko."

Mama akafuta mikono kwenye kitenge chake. "Hapa ni mbabula, mwanangu. Na mbabula ni elfu kumi na tano."

Waliokuwa karibu wakacheka, nami nikalipa, maana jua lilikuwa kali na aibu ilikuwa kali zaidi. Juma lililofuata mwenzangu wa chumba, mwanafunzi Mrundi, alinunua jiko kama langu kwa faranga elfu tisa. Siwezi kuthibitisha kwamba zile elfu sita zilikuwa adhabu ya kumsahihisha mtu mzima mbele ya wenzake. Huenda ningetozwa hivyo hata kama ningenyamaza. Lakini najua nilichokwenda nacho pale. Nilikwenda na imani, iliyojengwa na somo lenyewe, kwamba Kiswahili nilichofundishwa ndicho kipimo na kila kinachotofautiana nacho ni upungufu. Mbabula si upungufu wa jiko. Ni neno linalotumika pande zote mbili za Mto Rusizi, katika Kirundi likiwa imbabura na katika Kiswahili cha Kongo likiwa mbabula. Vivyo hivyo mkaa huko ni makala, na ndoo katika Kirundi ni indobo. Upande wa pili, Kirundi kimechukua kwetu isabuni, isukari na isahani. Mnunuzi anayejua hilo tayari ana nusu ya orodha yake mkononi. Mnunuzi aliyefundishwa kwamba kuna jina moja sahihi la kila kitu huanza na sifuri.

Tarakimu nazo zina mtego wake. Mazungumzo ya kitabuni hutaja bei kwa Kiswahili kitupu. Gihosha bei ileile inaweza kutajwa kwa Kirundi, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, kutegemea muuzaji amekuona nani. Elfu yangu ni igihumbi chake. Nilipoambiwa "gabanya" na mnunuzi mwingine akimsihi muuzaji, nilidhani wanataka kugawana kitu, kwa kuwa sikio langu lilisikia "gawanya". Kumbe ndilo neno la kuomba bei ipunguzwe. Mtu asiyelijua neno hilo anaweza kujua sifa zote tano za rejesta ya sokoni na bado asiweze kuomba apunguziwe hata faranga mia.

Nani anazungumza na nani?

Wanaisimu hawakuiacha rejesta katika hali hii ya orodha. M. A. K. Halliday aliieleza kwa vipengele vitatu: kinachofanyika, uhusiano wa wanaohusika, na njia inayotumika kuwasiliana. Vitabu vyetu vimekishika kipengele cha kwanza kwa mikono miwili. Ndiyo maana rejesta zetu zina majina ya mahali: sokoni, hotelini, mahakamani, hospitalini. Kipengele cha pili, uhusiano, kimeachwa nje ya mlango. Mnunuzi wa kitabuni hana umri, hana kwao, hana kipato. Muuzaji hana deni wala mtoto anayemngoja.

Nchini Burundi kipengele hicho kilichoachwa ndicho kinachoamua mengi. Kirundi ndicho lugha ya karibu kila mtu. Kiswahili kilikuja na misafara ya biashara, askari na utawala wa Wajerumani, kikapata makao mijini, hasa Buyenzi. Kwa muda mrefu kilitazamwa kuwa lugha ya wageni, ya Waislamu wa mjini na ya wafanyabiashara, na kumwita mtu Mswahili kuliweza kumaanisha kwamba ni mjanja asiyeaminika. Baadaye hali ilianza kubadilika. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikaingizwa katika shule za msingi. Lakini hadhi mpya ya darasani haifuti kumbukumbu ya zamani ya mtaani. Mimi nilipofungua kinywa sokoni, nilijiona nimeleta lugha ya ujirani. Aliyenisikiliza angeweza kusikia mambo mawili mengine: huyu si wa hapa, na huyu ni wa kuangaliwa.

Nilidhani Buyenzi kungekuwa rahisi. Nilikwenda Ruvumera kutafuta sufuria na chandarua, nikitembea kati ya watu wanaozungumza Kiswahili tangu utoto. Mzee mmoja wa vyombo alinisikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akaniambia nazungumza Kiswahili cha redio. Hakuwa na ubaya. Alinipunguzia bei ya sufuria, akaniuliza habari za Tanzania, akanitafutia mwuza vyandarua. Lakini neno lake lilinikaa. Hata penye Kiswahili, Kiswahili changu kilikuwa na anwani, na anwani hiyo ilisomwa kabla ya fedha yangu kuhesabiwa.

Ushindi wa mnunuzi

Sasa nafika kwenye kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote. Mazungumzo ya sokoni yameundwa kama mchezo wenye mshindi. Bei hutajwa juu, mnunuzi hupambana, bei hushuka, mnunuzi ameshinda. Kisha anaondoka. Umbo hilo hutufundisha, bila kusema, kwamba kazi ya lugha sokoni ni kushusha bei.

Karibu na chumba chetu kulikuwa na butiki, duka dogo la kijana mmoja aliyeuza sabuni, chumvi, mchele, mafuta ya mamesa na sukari ilipopatikana. Juma la kwanza nilikwenda kununua kipande cha sabuni ya kufulia. Akataja bei. Nikashtuka kama nilivyofundishwa. Nikasema ni ghali, nikasema kwetu ni nusu yake, nikageuka kama ninayeondoka, nikarudi. Nyuma yangu watu watatu walikuwa wakingoja. Mwishowe akapunguza faranga mia mbili, akanipa sabuni bila kunitazama. Nilirudi chumbani nikijivuna.

Mwenzangu aliposikia hakucheka. Akanieleza kwamba kwenye butiki bei hazibishaniwi kama sokoni. Kijana yule huibeba sabuni kutoka soko la mbali, siku nyingine kwa miguu kwa kuwa basi hakuna, na anachopata kwenye kipande kimoja ni kidogo. Alipunguza ili foleni isogee na mimi niondoke. Nilielewa, lakini sikujuta sana. Nilikuwa na fedha za vitu sita kati ya tisa. Mia mbili ilikuwa mia mbili.

Siku chache baadaye nilikwenda kuulizia sukari. Akasema hakuna, labda ejo. Neno hilo katika Kirundi humaanisha kesho na jana pia, kwa hiyo halimbani msemaji. Nilipokuwa sijafika mbali, mama mmoja wa jirani akatoka pale na kifurushi cha sukari chini ya kanga. Sukari ilikuwapo. Haikuwapo kwangu.

Hapa ndipo nilipolielewa somo tulilokuwa tumelisoma kichwa chini. Bidhaa zikiwa tele, bei ndiyo habari kubwa, na anayejua kubishana hufaidika. Bidhaa zikiadimika, habari kubwa ni nani atawekewa. Muuzaji mwenye kilo tano za sukari na majirani thelathini hawezi kuwagawia wote, naye hachagui kwa kupandisha bei pekee. Huchagua wale wanaomsalimia, wanaolipa deni kwa wakati, wanaonunua kwake hata chumvi. Nilikuwa nimeokoa faranga mia mbili kwenye sabuni na kupoteza nafasi yangu kwenye sukari, na kwa mtu anayeishi ugenini bila shangazi wala jirani wa utotoni, nafasi ile ilikuwa na thamani kubwa.

Mazungumzo ya kitabuni hayawezi kulionyesha hili kwa sababu mnunuzi wake huondoka na hatumwoni tena. Mimi sikuwa na pa kuondokea. Kesho yake nilipita tena mbele ya butiki ileile nikienda chuoni.

Ilinichukua majuma kadhaa kurekebisha. Nilijifunza kusema "bwakeye" asubuhi kabla ya kuomba chochote. Nilinunua vitu vidogo bila kubisha. Nilibeba mfuko wangu mwenyewe, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huko kama ilivyo kwetu. Nilimwuliza majina ya vitu kwa Kirundi, naye akaniuliza ya Kiswahili changu, na safari hii sikumsahihisha. Siku moja akaniita "mukiriya", yaani mteja, neno ambalo hakuwahi kuniita nilipokuwa nikimshinda bei. Sukari iliyofuata niliipata, kwa bei ileile ya wengine. Sikupunguziwa, wala sikuomba.

Sitaki nieleweke kwamba mgeni anyamaze na kulipa chochote anachoambiwa. Kutozwa elfu kumi na tano kwa kitu cha elfu tisa kunauma, na mwanafunzi asiye na kitu hawezi kukubali jambo hilo kwa jina la heshima. Nilipokwenda Kotebu kununua ndoo na beseni nilibishana kwa nguvu zangu zote, kwa sababu pale ni sokoni na kubishana kunatarajiwa. Tofauti ni kwamba sasa nilikwenda na mwenzangu, nilisema "gabanya", na nilijua bei ya jana. Maarifa hayo matatu yalinisaidia kuliko ucheshi na ushawishi wa sifa za rejesta.

Utetezi wa somo

Mwalimu anaweza kunijibu kwamba naonea somo la kidato cha chini. Mwanafunzi huanza na kilicho rahisi, na mazungumzo mafupi ya sokoni ni mlango tu. Jibu hilo lina haki. Mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kupewa historia ya Kiswahili nchini Burundi ili ajue kununua nyanya.

Lakini urahisi una namna mbili. Kuna kurahisisha kwa kupunguza, na kuna kurahisisha kwa kupotosha. Kusema kwamba bei hutajwa na kujadiliwa ni kupunguza. Kusema kwamba rejesta ya sokoni "haizingatii sarufi" ni kupotosha, kwa sababu mama wa Kamenge aliyezungumza nami Kiswahili, akazungumza na jirani Kirundi, akahesabu chenji kwa Kifaransa, alifuata kanuni nyingi kuliko nilizokuwa nazo mimi. Tunapoita lugha yake legevu, tunamwandaa mwanafunzi kuidharau, na dharau hiyo hujibiwa sokoni papo hapo. Vilevile, tunasema Kiswahili ni lugha ya Afrika Mashariki nzima, kisha tunamwandaa mwanafunzi kukitumia Kariakoo peke yake.

Hitimisho

Napendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kila mazungumzo ya rejesta yaanze kwa kueleza wahusika ni nani na wanajuana vipi. Mistari miwili inatosha. Pili, yawepo mazungumzo ambamo mmoja ni mgeni na maneno yao hayalingani, ili mwanafunzi aone jinsi watu wanavyotafuta neno la pamoja. Tatu, orodha ya sifa ije baada ya wanafunzi kusikiliza soko la kweli, si kabla.

Neno la pamoja mara nyingi lipo. Karibu na kurudi nyumbani nilimsikia kijana wa butiki akihesabu mauzo yake na kutaja amahera. Ndilo jina la fedha katika Kirundi. Sisi husema hela, na walimu wengine hulikata neno hilo kwenye insha kwa kuwa ni la mtaani. Yote mawili yanatokana na heller, sarafu iliyotumika katika koloni la Afrika Mashariki ya Wajerumani tangu mwaka 1904, rupia moja ilipoanza kugawanywa kwa heller mia badala ya pesa 64. Koloni hilo lilikuwa na nchi yake na nchi yangu ndani yake. Nilikuwa nimebishana naye kwa juma zima nikiwa na neno hilo mdomoni, wala sikujua kwamba ni lake pia.

Na kwenye mtihani, badala ya kuuliza sifa tano, ningependa tuulizwe hivi: mnunuzi huyu anaishi jirani na atarudi kesho. Andika mazungumzo ya siku ya pili.